Meza ya pale mlangoni, na vitabu ambavyo sisi wa maktaba tumevisoma hadi mwisho

Mwenzenu wiki tatu hizi naenda kazini mbio kama naenda harusini, na sababu yenyewe ni meza. Meza ya mbao, mguu mmoja mfupi tumeuwekea kipande cha tofali, ipo pale mlangoni ukiingia tu maktaba.

Ni hivi. Maktaba yetu ni ndogo, vyumba viwili na kibaraza, huku Ngamiani, Tanga mjini, kwenye hizi barabara zetu za namba. Sio ile kubwa ya mkoa iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa jina la mfalme George wa sita, hapana, yetu ni ya mtaa, feni mbili inazunguka moja, na wafanyakazi ukituhesabu wote pamoja na babu mlinzi tunafika sita. Wateja wetu wakubwa ni wanafunzi. Mtihani ukikaribia hapakaliki, wamejaa mpaka kibarazani na pasti pepa zao, mtihani ukiisha wanapotea wote kama dagaa mbalamwezi, na mtu mzima ukimuona kaingia ujue kaja kuchaji simu au kukimbia jua la saa nane. Anakaa, anafungua gazeti la juzi, simu ikijaa anaaga.

Na hili limenikera siku nyingi kwa sababu rafu yetu ya vitabu vya kweli, yani wasifu wa watu, historia, safari, mambo yaliyotokea, ndio rafu nzuri kuliko zote na ndio haiguswi. Vitabu vya 920, namba ya wasifu wa watu, pale vina vumbi la heshima. Watu wanajua Dewey, ule mpango wa namba za vitabu vya maktaba, kweli? Hawajui, na hawana haja, ila wanajua vizuri sana kukaa kwenye kahawa pale nje wakabishana saa mbili kuhusu Nyerere alisema nini na Mkapa aliuza nini, wakati jibu liko hatua ishirini kutoka kwenye benchi lao na ni bure.

Basi nikasema ngoja. Nikawaambia wenzangu kila mmoja achague kitabu kimoja cha kweli alichokisoma karibuni, sio riwaya, sio cha kiada, akiweke mezani pale mlangoni na karatasi, aandike kwa mkono wake mwenyewe kwa nini mtu akiazime. Masharti mawili tu. La kwanza, uwe umekisoma mpaka mwisho. La pili, neno "kizuri" marufuku. Maana kizuri halisemi kitu, wali mzuri, mvua nzuri, mchumba mzuri, haya na kitabu nacho kizuri, sasa mtu akichukue kwa lipi?

Hilo la pili ndio lilileta kazi. Bi Mkubwa wa mapokezi alikaa na kalamu siku nzima, anaandika anafuta, mwisho akaniambia mwanangu wewe umenipa mtihani, mie nimezoea kugonga muhuri wa tarehe tu. Nikamwambia Bi Mkubwa niambie tu kama unavyoniambia mie, hicho kitabu kilikufanya nini? Akanyamaza kidogo. Alafu akaanza kuongea habari za sukari.

Kitabu chake ni Mzee Rukhsa, ile tawasifu ya Mzee Ali Hassan Mwinyi iliyozinduliwa Dar tarehe 8 Mei 2021, siku yenyewe mzee alipotimiza miaka 96. Ni cha Kiswahili, tena Kiswahili cha mtu aliyekulia Zanzibar kwenye vyuo vya dini, mtoto aliyetolewa Kivure huku Pwani akavushwa bahari asome aje kuwa sheikh, akaishia kuwa mwalimu na baadae rais. Bi Mkubwa hakuchagua kwa ajili ya urais. Alichagua kwa sababu miaka ile ya mwanzo wa themanini alikuwa msichana, na foleni ya sukari anaijua, na foleni ya sabuni anaijua, na alifua kwa majani ya mpapai kwa mikono yake, alafu mwaka 85 akaingia Mzee Mwinyi na milango ikaanza kufunguliwa, mpaka watu wenyewe wakambatiza jina la Rukhsa. Karatasi yake ikaja hivi: "Mie nilifua kwa majani ya mpapai. Humu ndani yumo mtu aliyekuwa upande wa pili wa foleni yangu." Basi. Hakuongeza neno. Nikaisoma nikasisimka mwili, nikasema hii ndio kazi niliyokuwa naitaka.

Na mie nilipokisoma kilichonikaa zaidi sio hizo rukhsa, ni pale alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya sabini, kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuua yeye, hakutuma yeye, ila wizara ilikuwa yake akaona aondoke. Vijana wanaokuja kuchaji simu nikiwaambia hicho kisa wanauliza kama ni kweli au natunga. Nawaambia soma.

Sasa Mwalimu. Tunamwita Mwalimu kwa sababu ndio kazi aliyostaafia, siku hizi anakaa chumba cha rejea na kanzu yake na baiskeli yake iliyoegeshwa ndani, haiamini hata kibaraza. Yeye unamjua tu atachagua kikubwa, na alileta kikubwa kweli, juzuu tatu! Ni ule wasifu wa Nyerere uliotoka 2020, Development as Rebellion, walioandika ni Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Alizifunga kwenye keria kwa mpira wa ndani wa baiskeli akaja nazo zote kwa mkupuo, na meza yetu ya mguu wa tofali ikapiga kelele.

Mie na Mwalimu tulibishana. Nilimwambia Mwalimu shikamoo yako iko palepale lakini hii ni ya Kiingereza, ni minene, nani atabeba hii kutoka hapa mpaka Makorora? Akanijibu kwamba tatizo la watu wetu kuhusu Nyerere ni kuwa wana Nyerere wa dakika tatu, wa kwenye redio ile Oktoba 14, sauti na utani, na mwenye Nyerere wa dakika tatu hawezi kumpenda wala kumlaumu sawasawa. Hawa walioandika, anasema, hawamfanyi malaika. Wanakwenda nae tangu utotoni, chama, uhuru, Azimio la Arusha la 1967, alafu wanakwenda nae mpaka kwenye operesheni vijiji, pale watu walipohamishwa kwa nguvu, na hawafumbi macho. Karatasi yake iliandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: "Anza na juzuu ya tatu. Ukikasirika, rudi ya kwanza." Nikaona eeh, huyu kanishinda.

Bado nasimama kwenye langu lakini. Kitabu muhimu namna hiyo kuhusu mtu aliyekipigania Kiswahili maisha yake yote, mtu aliyekaa akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alafu mama muuza vibibi wa barabara ya nane hawezi kukisoma, hapana, inaniuma. Mwalimu mwenyewe hapo ananikubalia, anasema basi watafsiri. Haya, watafsiri.

Kitabu cha babu mlinzi kilitushangaza wote. Mie nilidhani ataleta kile kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji maana ndio huwa namuona nacho, kumbe yule bwana alikuwa na siri. Kwenye lile sanduku lake la lindo, chini ya tochi na radio, alikuwa na I Can, I Must, I Will ya marehemu Reginald Mengi, ile ya 2018, pamoja na kamusi ya TUKI iliyotoka jalada. Babu Kiingereza chake ni cha kuokoteza, kwa hiyo alikuwa anasoma usiku, neno anatafuta, neno anatafuta, ukurasa mmoja mpaka adhana ya alfajiri. Karatasi yake: "Nimesoma miezi 9 kama mimba. Alianza na kalamu za wino."

Nikamuuliza babu kwa nini hilo la kalamu, maana Mengi alikuwa na mengi (samahani nimeshindwa kujizuia), viwanda, magazeti, televisheni, migodi. Akasema hayo yote kila mtu anayajua, lakini yeye hakujua kwamba mtu yule aliyezaliwa kwenye nyumba ya kimaskini kule Machame, akasomea uhasibu mpaka Uingereza, biashara yake mwenyewe ilianza kwa kuunganisha vipande vya kalamu, na tangu ajue hilo kila akiona mwanafunzi kaacha peni mezani anaiokota anaitazama vizuri kabla hajamrudishia. Mie binafsi vitabu vya matajiri kusimulia walivyofanikiwa huwa vinanichosha, vingi vinaruka sehemu ya bahati, lakini hiyo ya kuitazama peni siwezi kuibishia.

Vita yenyewe ilikuwa kwa dogo wa kompyuta. Dogo alisema kitabu chake ni Born a Crime cha Trevor Noah, yule mchekeshaji wa Afrika Kusini, kilitoka 2016, mama yake Mxhosa baba yake Mswisi mzungu, na yeye amezaliwa 1984 wakati sheria za kule ziliwakataza mweusi na mzungu kulala pamoja, kwa hiyo mtoto kuwepo tu tayari ni ushahidi wa kosa. Mpaka hapo sawa. Tatizo dogo hakukisoma, alikisikiliza. Kipo cha sauti, anakisoma Trevor mwenyewe, anaigiza na lugha zote zile za kwao, dogo akakimaliza kwenye daladala za kwenda na kurudi Pongwe na spika za masikioni.

Bi Mkubwa akasema hapana. Sharti ni kusoma, kusikiliza sio kusoma, la sivyo na mie niseme nimesoma tamthilia ya jana usiku. Dogo akanuna. Mie nilikuwa karibu kumuunga mkono Bi Mkubwa, na nilitegemea Mwalimu nae atakuwa upande huo, si ndio mwenye juzuu tatu. Mwalimu akavua miwani, akasema, darsa ya kitabu msikitini anayeshika kitabu ni sheikh peke yake, wanaokaa chini ni mia, wengine miaka kumi wanahudhuria, nani atasema hawakijui kile kitabu? Na tenzi je, bibi zetu walizishika zote kifuani na kusoma hawajui. Kimya. Bi Mkubwa akagonga muhuri hewani akasema haya aweke.

Kwa hiyo kwenye meza pale mahali pa dogo hakuna kitabu, kuna karatasi na spika za masikioni, na foleni yake ndio ndefu kuliko zote. Karatasi imeandikwa "Sikiliza sura ya mama yake kumtupa nje ya gari linalokwenda. Utacheka alafu utajisikia vibaya umecheka." Wamama wanakuja na kapu la sokoni wanakaa kusikiliza nusu saa kwa Kiingereza wanachokielewa kidogo, dogo anawatafsiria pembeni, na maktaba kimya hakuna tena. Nilikuwa nataka kelele, nimezipata.

Wa tano ni dada wa kona ya watoto, na huyu ndio mjanja. Kaja na Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert. Tukamrukia, dada vipi, tumesema vya karibuni, hiki kina zaidi ya miaka 60! Akatuambia someni tangazo lenu, limeandikwa kitabu "ulichokisoma karibuni", halikusema kilichotoka karibuni, na mie nimekimaliza Jumapili. Tangazo nililiandika mwenyewe jamani. Kimyaa.

Na nikiri, baada ya hapo nikakirudia, sikukigusa tangu shule. Shaaban Robert ni wetu, kazaliwa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, tunapita kwenye jina lake kila siku ila tunamjua kwa mashairi ya mtihani. Hapa anaandika habari za mwanamke wa Fumba, Unguja, maskini, mfinyanzi, aliyekuwa anatembeza vyungu mjini na sauti yake ndio tangazo la biashara, mpaka sauti ikamfikisha Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, kabla ya mwanamke mwingine yeyote wa pande hizi. Watu walimcheka kwa sura yake na ukoo wake, na bado santuri zake zikaingia kila nyumba ya pwani yenye gramafoni. Dada wa watoto anasema anawasomea watoto kile kipande cha vyungu, alafu anawaambia haya kila mtu auze kitu kwa wimbo, basi siku hiyo utasikia karanga, mihogo, maandazi, machungwa ya Muheza, vyote vinaimbwa. Karatasi yake kaandikiwa na mtoto wa darasa la tatu: "Alikuwa anauza vyungu na watu walimsikia."

Karatasi ya tarehe ya kitabu hicho imejaa upande mmoja, tumegeuza wa pili. Ni kijitabu chembamba, cha Kiswahili, mtu anakimaliza siku mbili. Sasa mie huwa najiuliza, kumbe watu hawakatai kusoma.

Kitu ambacho sikukitegemea ni maswali. Mtu akishasoma karatasi mezani anajua kwamba pale ndani kuna binadamu wa kumuuliza, basi anauliza. Mvuvi wa Sahare alikuja kutaka kitabu cha silikanti, yule samaki ambae wazungu walidhani kafa na madainosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na huku kwetu kuanzia 2003 wavuvi wakawa wanamkuta kwenye nyavu, mpaka 2009 ikaundwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Anasema mie nimemshika kwa mkono, nataka nijue nimeshika nini. Sikuwa nacho cha Kiswahili.

Akaja mzee mmoja, mikono ina makovu ya mkonge mpaka viwiko, alikuwa mkataji. Anataka kitabu cha mkonge lakini sio cha kilimo. Nilimtajia ninayoyajua, kwamba Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Pangani, na yote haya tunayoyaona njia nzima ya Korogwe ukoo wake ni ile 62. Akanisikiliza kwa adabu. Alafu akasema, hiyo habari ya miche, mie nauliza habari ya manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Nikatafuta rafu ya 967.8 yote, ile ya historia ya Tanzania, nikapata kurasa mbili tatu za Kiingereza ndani ya vitabu vya mambo mengine. Mzee akaondoka na Siti, anasema mama yake alikuwa akimwimba.

Kitabu changu mie nimekiacha mwisho kwa sababu kina kesi. Nilichagua My Life, My Purpose cha Mzee Mkapa, kilizinduliwa Novemba 2019 na yeye akafariki Julai 2020, yani kama aliwahi. Karatasi yangu niliandika: "Huyu aliwahi kuwa mhariri wa magazeti, anajua kipi angeweza kukiruka. Tazama alichokubali kukitaja." Nilikuwa namaanisha mauaji ya waandamanaji Zanzibar Januari 2001, Pemba hasa, anayakiri kuwa ni doa kwenye uongozi wake. Kwa kiongozi wa huku kwetu kuandika hivyo kwa jina lake, mie nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Lakini sehemu ya ubinafsishaji nilikuwa naisoma kwa jicho moja, kwa sababu baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga, enzi zile Tanga ni mji wa viwanda na ving'ora vya zamu ndio saa ya mtaa, na kiwanda kikafa, na nyumbani kwetu jina la Mkapa lilikuwa halitajwi wakati wa kula. Baba akasikia nina hicho kitabu mezani. Akaja, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, akasoma karatasi yangu akiwa amesimama, akaniambia niandikie. Nikamwandikia kama mteja mwingine, wiki mbili. Baba kasoma mpaka la nane la enzi zile, Kiingereza cha gazeti hakimsumbui.

Alikirudisha baada ya wiki mbili na siku moja. Nikakifungua kukagua, kwenye yale mambo ya kuuza mashirika nikakuta pembeni mwa kurasa kuna penseli. Mwandiko wa baba. Mahali kaandika "kweli". Mahali kaandika "hapa sivyo, mashine zilikuwa nzima". Mahali mwaka tu na idadi ya watu wa zamu yake. Sehemu moja kapiga mstari sentensi nzima akaandika "sikujua". Nilimuuliza hilo la sikujua ni lipi, akasema si umesoma wewe, akapanda baiskeli.

Sheria yetu, nimeibandika mwenyewe ukutani, ni kwamba kuandika ndani ya kitabu faini elfu mbili na alama zifutwe. Nimechukua kifutio mara mbili nikakirudisha kwenye droo. Juzi mmoja wa wale wa benchi la kahawa, waliokuwa nae zamu moja, kaja akasema anakitaka kile cha Mkapa, nikamwambia kipo, nikampa nakala ya pili tuliyoletewa, safi. Akaifungua, akapekua, akanirudishia. Sio hii, anasema. Nataka ile yenye penseli.

Baba nae bado ananidai nimrejeshee penseli yake, anasema kaisahau ndani ya kitabu. Mie namdai elfu mbili na ya kuchelewesha.